Uchafu Umehamia Wapi? Barua zenu kuhusu maji ya migodini na viwandani

Kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu chuoni imekuwa moja: kupima maji yaliyokwisha kutumika migodini na viwandani, na kutafuta namna ya kuyarudisha yawe maji tena. Barua zilizofika safari hii zimeniweka mezani mpaka usiku, kwa sababu karibu zote, kila moja kwa njia yake, zinagusa swali ninalowauliza wanafunzi wangu kila wanaponiletea matokeo mazuri: uchafu uliokuwamo umehamia wapi? Nimejibu sita.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mgodi. Maji yanaingia kwetu mekundu, makali kwa asidi. Tunatia chokaa, tope linatuama, maji yanatoka meupe, ukiyaweka kwenye glasi unaona ng'ambo ya pili. Juzi walikuja watafiti wa chuo, wakachukua sampuli, baadaye wakasema maji bado yana kasoro. Kasoro gani tena, na sisi tunayaona kwa macho?
*Fundi wa zamu ya usiku*

Marahaba, fundi. Usikubali mtu akudharaulie kazi yako. Kupokea maji ya namna hiyo na kuyatoa yakiwa meupe ni kazi ya kweli, na mto ulio chini yenu unapumua kwa sababu yake. Ila jicho huona kinachoelea, halioni kilichoyeyuka. Tia kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji, ukoroge mpaka isionekane. Maji yatabaki meupe vilevile, na hakuna atakayesema chumvi imetoka.

Metali hazishuki zote kwa pamoja. Kila moja ina kiwango chake cha pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka chini ya 7, asidi inazidi kuwa kali. Chuma kilichokwisha kushika kutu huanza kuganda na kushuka pH ikifika kama 3.5. Alumini husubiri mpaka karibu 5. Zinki hutaka mkaribie 9, na manganizi ndiyo kaidi kuliko zote, hutaka mpite hapo. Kwa hiyo kama mnafunga chokaa mita inaposoma 7 au 8, rangi imeondoka kwa kuwa chuma kimeondoka, lakini manganizi inapita mbele yenu haina rangi wala harufu. Shuka na mto mwendo wa nusu saa, ugeuze mawe. Ukikuta yamepakwa weusi kama masizi, basi ndiyo hiyo: imekutana na hewa na vijidudu vya mtoni, imegandia huko badala ya kugandia kwenu.

Kasoro ya pili, ambayo nadhani ndiyo waliyoiona wenzangu, ni salfeti. Asidi ya mgodini ni asidi ya salfa. Chokaa inaua ukali wa asidi, lakini salfa yake haijaenda popote. Sehemu inashikana na kalsiamu ya chokaa na kuwa jasi, ile ile ya kutengenezea dari, nayo inatuama. Sasa jasi yenyewe huyeyuka kidogo majini, takriban gramu 2 kwa lita, na hapo ndipo chokaa inapogota. Utie mfuko mmoja au kumi, maji yatatoka na salfeti ya miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa lita. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha salfeti, ila linashauri mamlaka za afya zijulishwe pale maji ya kunywa yanapopita miligramu 500, kwa sababu huendesha tumbo. Ladha yake watu wengine huanza kuisikia kwenye 250.

Nikupe na kazi ya kufanya. Omba mtambo wenu uwe na bika sita, zile glasi za maabara, za lita moja moja na kikorogeo chake, halafu kila maji yanapobadilika fanyeni jaribio la bika. Tia chokaa kidogo katika ya kwanza, zaidi katika ya pili, mpaka ya sita. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole kabisa dakika 20, kisha zima na usiguse. Inama, macho yawe sawa na meza. Utaona katika bika ya kwanza ukungu wa rangi ya kutu unaoning'inia hautaki kushuka. Katika ya tatu utaona mabonge mepesi kama manyoya ya kifaranga, yanashuka huku yakizunguka. Katika ya sita yanashuka haraka na mstari kati ya maji na tope ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Mtu asiyejua atachagua ya sita kwa uzuri wake. Wewe chuja maji ya kila bika, peleka maabara, uliza manganizi na salfeti, ndipo uchague.

Halafu tope lenyewe. Tope la chokaa la kawaida lina vitu vigumu asilimia 1 hadi 5 tu. Maana yake katika ndoo 100 za tope mnazosukuma kwenda bwawani, ndoo 95 na zaidi ni maji. Kuna mitambo inayorudisha sehemu ya tope la jana, inalichanganya na chokaa kwanza, ndipo inakutanisha mchanganyiko huo na maji machafu. Chembe mpya hugandia juu ya za zamani, tope linakuwa zito, linafika asilimia 20 hadi 30. Bwawa ambalo lingejaa mwaka huu litakaa miaka kadhaa. Lakini chonde, hilo tope msilimwage mahali ambapo maji yenye asidi yanaweza kulipitia. Metali mlizozishusha kwa jasho zitayeyuka upya na kuondoka kama zilivyokuja.

Dokta, mgodi ulioko juu yetu ulifungwa siku nyingi. Mashine zimeondoka, walinzi wameondoka. Lakini mvua ikinyesha kijito kinashuka na rangi ya chungwa, mawe yake yamevaa ganda. Nani anamwaga kitu kule juu na hakuna mtu?
*Jirani wa mgodi uliofungwa*

Hakuna anayemwaga, ndugu yangu. Ni mwamba wenyewe unaotengeneza asidi, na hautangoja ruhusa ya mtu.

Kuna madini yanaitwa pairiti, ni chuma na salfa vilivyoshikana, yana rangi ya manjano inayong'aa. Huambatana na dhahabu, shaba, zinki, hata makaa ya mawe. Chini ardhini, mbali na hewa, hukaa mamilioni ya miaka bila kumdhuru yeyote. Mgodi ukija, mwamba unavunjwa, unasagwa, unarundikwa juu. Jiwe moja lililokuwa na ngozi yake ya nje tu sasa ni maelfu ya vipande, kila kipande na ngozi yake, na kila ngozi inaguswa na maji na hewa. Pairiti ikipata vyote viwili hutoa asidi na chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho kikishika oksijeni zaidi kinageuka kuwa mshambuliaji wa pairiti iliyobaki, kinatoa asidi nyingine na chuma kingine, na mzunguko unaendelea.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani hiyo ni kemia peke yake. Mwaka 1947 Arthur Colmer na M. E. Hinkle, huko West Virginia, eneo la makaa ya mawe Marekani, walionyesha kwamba kuna bakteria ndani ya maji hayo makali, na kwamba wao ndio wanaoharakisha chuma kushika oksijeni. Mwaka 1970 Philip Singer na Werner Stumm wa Harvard wakaonyesha kwamba hatua hiyo hasa ndiyo inayojivuta katika mzunguko mzima, na kwamba bakteria wanaweza kuikimbiza mara milioni moja. Nikifundisha somo hili huwa nasimama kidogo hapa, wanafunzi waielewe vizuri: kule juu kwenye rundo la mawe kuna viumbe hai wanaofanya kazi usiku na mchana, chakula chao ni chuma, na mwajiri wao hajaondoka.

Sasa kuhusu rangi, nisikilize kwa makini maana watu wengi hudanganyika. Rangi ya chungwa hutokea pale maji makali yanapokutana na maji safi, pH inapanda, chuma kinaganda na kuangukia mawe. Pale penye rangi ndipo mto unapojitahidi kujitibu. Kule juu zaidi, kwenye chanzo, maji yanaweza kuwa meupe kama ya chemchemi, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote kwa sababu metali zote bado zimo. Waambie watoto wasinywe maji ya juu zaidi ya mawe yenye rangi ya chungwa wakidhani wamekwepa uchafu.

Itaendelea mpaka lini? Mto Rio Tinto wa Hispania umepita kwenye eneo lililochimbwa kwa miaka kama 5,000, na maji yake mpaka leo ni mekundu yenye pH ya 2 na ushee. Katika mgodi wa Iron Mountain, California, watafiti wa Marekani pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada walipima maji yenye pH ya hasi 3.6 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Sisi wengine tulikuwa tumefundishwa kwamba kipimo hicho kinaanzia sifuri. Na magharibi ya Johannesburg, mwaka 2002, maji yalianza kububujika juu ya ardhi kutoka kwenye migodi ya dhahabu iliyoacha kupampu. Walipokuwa wakichimba waliyavuta maji kila siku. Walipoacha, yakapanda polepole kwenye mashimo yale yale, yakilamba pairiti njia nzima, mpaka yakatokeza.

Dawa kubwa ni kuizuia hewa isiifikie pairiti: kufunika rundo kwa udongo wa mfinyanzi na udongo wa kuoteshea, au kuzamisha mabaki chini ya maji yasiyokauka. Hayo hufanywa kwa bei nafuu mgodi ukiwa bado hai, na kwa tabu sana ukishafungwa. Wengine hutandaza mawe ya chokaa kwenye mfereji ili ukali wa asidi upungue wenyewe. Inasaidia, lakini kwa muda. Nimewahi kuokota jiwe la mfereji kama huo baada ya miaka mitatu, nje lilikuwa la kahawia, ganda gumu la kutu. Tulipolipasua kwa nyundo, ndani lilikuwa jeupe pe, halijaguswa. Maji yalikuwa yanapita juu ya ganda na jiwe halifanyi kazi yoyote.

Ninyi mlio jirani fanyeni hivi. Tafuteni karatasi za kupimia pH na daftari. Pimeni mahali pale pale kila wiki, muandike tarehe, mvua, rangi, na kama samaki au vidudu vipo. Daftari la mwaka mzima la mtu anayeishi hapo lina thamani kuliko safari moja ya mtaalamu. Kisha liambatanisheni na maombi kwa mamlaka ya maji au chuo chochote chenye maabara, mkiomba vipimo vya aseniki, kadimiamu, risasi, shaba, zinki na manganizi.

Mwalimu, niko mwaka wa mwisho. Nataka kuandika tasnifu kuhusu metali kwenye majitaka ya kiwanda. Msimamizi anasema mada ni pana mno. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi wa uhandisi*

Anzia kwenye chupa, mwanangu.

Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti nilijaza chupa 36 za maji ya bwawa la mgodi. Kila chupa nilitakiwa niitie matone ya asidi ya nitriki pale pale kando ya bwawa, pH ishuke chini ya 2, ili metali zibaki zimeyeyuka mpaka maabara. Asidi nilikuwa nayo kwenye boksi. Jua lilikuwa kali, gari lilikuwa linasubiri, nikasema nitaitia nikifika. Sikuitia. Chupa zilikaa wiki mbili. Vipimo vilipotoka, chuma kilikuwa chini ajabu, na nilishaanza kuandika aya nzima nikieleza jinsi bwawa linavyojisafisha. Jioni moja nilinyanyua chupa moja kuelekea dirishani, nikaona duara jembamba la rangi ya kutu limezunguka ukuta wake kwa ndani. Nikatia asidi, nikaacha mpaka kesho yake, nikapima tena. Chuma chote kilikuwamo. Bwawa halikuwa limejisafisha, ni chupa iliyokuwa imekishika. Zile kurasa nilizichana, na safari ya kurudi kuchukua sampuli upya niliifanya.

Kwa hiyo: chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yenyewe, sehemu ichujwe kwa chujio la mikromita 0.45 na sehemu isichujwe, zote mbili zitiwe asidi, zikae kwenye baridi ya nyuzi 4, na katika kila kumi moja iwe ya maji safi ya maabara uliyosafiri nayo safari nzima. Hiyo ndiyo itakayokuambia kama uchafu unatoka kiwandani au mikononi mwako.

Kuhusu upana, chagua bomba moja na swali moja. Na usipime ukali wa maji bila kupima wingi wake. Bomba lenye zinki miligramu 10 kwa lita likitoa mita za ujazo 3 kwa saa linabeba gramu 30 kwa saa. Jirani yake lenye miligramu 2 tu, likitoa mita za ujazo 50, linabeba gramu 100. Nimeona tasnifu nzuri za watu wenye bidii zikilisema bomba la kwanza kuwa ndilo adui, kwa sababu hakuna aliyeshika saa na ndoo.

Dokta, habari za kazi. Wakubwa wangu wanataka kiwanda chetu kisitoe hata tone la majitaka nje. Muuzaji wa mitambo anatuhakikishia kwamba utando wa kuchujia utamaliza kila kitu. Unasemaje?
*Meneja uzalishaji*

Salama. Nasema inawezekana, na nasema msisaini bado.

Utando wa osmosisi kinyume, ule unaosukumiwa maji kwa nguvu yapite na chumvi ibaki, ni zao la chuo kikuu. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan waliutengeneza wakiwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), karibu na mwaka 1960, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga ukaanza kupata maji yaliyopita humo. Nauheshimu sana. Lakini utando hauchomi chumvi, unaitenga. Ukiingiza mita za ujazo 100 na kutoa 75 safi, chumvi karibu yote imejikusanya katika zile 25 zilizobaki, ukali wake umepanda karibu mara nne. Muulize muuzaji hizo 25 zinaenda wapi. Akikujibu kwamba zinaenda kwenye kivukizo, fanyeni hesabu ya nishati. Kuchuja maji ya bahari kwa utando kunakula umeme wa kWh 3 hadi 4 kwa mita ya ujazo. Kuyageuza maji hayo hayo kuwa mvuke kunataka joto la zaidi ya kWh 600, kama joto halirudishwi likatumika tena. Vivukizo vizuri huurudia mvuke mara nyingi, bado ni mzigo mkubwa. Na mwisho wake una rundo la chumvi mchanganyiko ambayo mvua ikiinyeshea inarudi kuwa maji machafu.

Njia inayonivutia, na ambayo wenzetu wa Delft, Uholanzi, na Chuo Kikuu cha Cape Town wameifanyia kazi kwa miaka mingi, ni kugandisha. Ukipoza maji ya chumvi kali mpaka kiwango chake maalumu, barafu na chumvi huganda kwa wakati mmoja, kisha kila kimoja kinashika njia yake: barafu inaelea, chumvi inazama. Unaiteka barafu juu, unaiosha, ni maji safi. Chumvi unaichota chini, na ukipanga nyuzi vizuri unaipata aina moja moja, si mchanganyiko. Kugandisha kilo ya maji huondoa joto la karibu sehemu moja ya saba ya lile la kuichemsha iwe mvuke.

Lakini kabla ya hayo yote, je, mnajua maji yenu yanaenda wapi leo? Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilisaidia sekta ya madini ya huko kutengeneza mfumo wa hesabu za maji, unaofanana na hesabu za fedha: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki ghalani. Viwanda vingi havina hesabu hiyo. Kiwanda kimoja kilituita tukisaidie kuchagua utando. Tukaomba kwanza twende siku ambayo hakizalishi. Tulibandika mita ya sauti nje ya bomba kuu saa nne asubuhi, mashine zote kimya, na mita ikaendelea kuhesabu. Tulilifuata bomba hatua kwa hatua, sikio kwenye chuma, mpaka kwenye tangi la juu ambalo boya lake lilikuwa limekwama na maji yalikuwa yakifurika moja kwa moja kwenye bomba la kumwagia. Maji safi, yasiyoguswa, yalikuwa yakienda kuongeza wingi wa majitaka ambayo walitaka kununulia mtambo.

Angalieni na mnara wa kupozea. Maji yanayovukizwa huacha chumvi zake nyuma, kwa hiyo lazima mmwage kidogo na kuongeza mengine. Mkiacha chumvi ikazane mara 3 tu kabla ya kumwaga, mnaongeza mita za ujazo 150 kwa kila 100 zilizopanda kama mvuke. Mkifika mara 6, mnaongeza 120. Mkisukuma mpaka 10, ni 111, faida imekuwa ndogo na mabomba yameanza kuota magamba. Simamieni kati. Baada ya miezi sita ya hesabu hizi, mwiteni tena muuzaji. Huenda mtambo mtakaouhitaji ni nusu ya aliowaandikia.

Ni kweli bakteria wanakula sumu? Mbona basi tusiwape wao kazi yote?
*Msomaji wa siku nyingi*

Inategemea sumu. Sukari, wanga, mafuta, maziwa yaliyomwagika kiwandani, hivyo wanakula kweli na kuvigeuza gesi. Gatze Lettinga wa Wageningen, Uholanzi, katika miaka ya 1970 alitengeneza tangi ambamo bakteria wasiohitaji hewa hujifunga wenyewe kuwa punje ndogo nyeusi, majitaka yanapanda katikati yao, na juu unavuna gesi ya kuwashia boila. Leo viwanda vya bia, sukari na karatasi duniani kote vinatumia matangi ya ukoo huo. Hata sayanidi ya migodi ya dhahabu inavunjika, kwa bakteria au kwa kemikali, ila pH isiachwe ishuke chini ya kama 9, maana sayanidi hugeuka gesi inayoua.

Metali hailiwi. Zinki ikiingia kwa bakteria itatoka zinki. Wanachoweza ni kuihamisha. Wapo wanaopumua salfeti kama sisi tunavyopumua oksijeni, wanaigeuza salfidi yenye harufu ya mayai viza, nayo inaidaka zinki au shaba na kuishusha kama unga. Kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kilianza kufanya hivyo mwaka 1992 kwa maji yaliyochafuka ardhini chini yake, na unga ule ukarudishwa tanurini kuwa zinki tena. Hapo ndipo swali langu linapata jibu linalonifurahisha: uchafu umehamia kwenye bidhaa.

Chuo kikilipwa na mgodi kifanye utafiti wa maji ya mgodi huo huo, kwa nini sisi wananchi tuamini matokeo?
*Mama wa watoto wanne*

Mama, sitakuambia uamini tu kwa kuwa ni chuo. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la topesumu lilipasuka Brumadinho, Brazili. Watu 270 walikufa. Bwawa hilo lilikuwa na hati ya kuwa imara, iliyotolewa miezi michache tu kabla na wakaguzi waliolipwa na mgodi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba maji yaliyojaa ndani ya mabaki, yasiyopata njia ya kutoka, yalichangia kuyafanya yageuke ghafla kuwa kama uji. Kila mara niliposaini ripoti tangu siku ile nimewakumbuka watu hao.

Mimi mwenyewe nimefanya utafiti uliolipiwa na migodi, na nitafanya tena, kwa sababu bila kuingia getini huwezi kuchukua sampuli. Lakini yapo mambo ambayo sifungui boksi la chupa bila kuyaona kwenye mkataba. Haki ya kuchapisha matokeo yote, yawe matamu au machungu, wao wapewe muda wa kuyasoma tu na si wa kuyazuia. Siku ya kuchukua sampuli niichague mimi, na niwe huru kuja usiku au mvua inyeshapo. Takwimu ghafi ziwekwe wazi, pamoja na za siku ambazo mtambo uliharibika, kwa kuwa wastani wa mwezi mzima unaweza kuficha usiku mmoja ulioua samaki wote. Mara mbili nimekataliwa masharti hayo, na mara mbili nimerudisha kazi.

Nanyi mna la kudai. Siku watafiti wakija, waombeni kila sampuli ijazwe chupa tatu kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja. Ya kwanza ya chuo, ya pili ya mgodi. Ya tatu itiwe asidi mbele yenu, ifungwe kwa lakiri, isainiwe na pande zote, na mwenyekiti wenu aihifadhi kwenye friji. Ikitiwa asidi sawasawa, metali ndani yake hukaa miezi sita bila kubadilika. Mkiwa na shaka na ripoti, mnayo chupa ya kupeleka maabara nyingine.